Samaki wa Zamoyoni na Kuku wa Samuye

Ukitaka kusafirisha kitu kinachovunjika kati ya Geita na Shinyanga, mtu yeyote wa Kalangalala atakuelekeza kwa Herman, Baba Nelly, mwenye gari aina ya Noah la rangi ya maziwa. Amebeba vioo vya maduka, keki za harusi, trei za mayai, na bibi mmoja aliyetoka kupasuliwa jicho, na wote walifika kama walivyopakiwa. Sifa hiyo anaipenda, na sisi tunaoshinda naye kwenye maegesho humchokoza kwamba siku moja atapakia moshi kwenye kapu na kuufikisha. Ana dosari moja tu. Akishakaribishwa kiti na mtu anayemheshimu, hawezi kunyanyuka hadi aambiwe aende. Dosari hiyo ndiyo iliyozaa habari hii, na kwa kuwa yeye mwenyewe akiisimulia huanza kukohoa katikati, acha niisimulie mimi.

Kulikuwa na fundi simu mjini Shinyanga, jina lake Zamoyoni. Kibandani kwake aliweka tangi la kioo lenye samaki wa mapambo, na watu walikuwa wanampelekea simu nzima wakisingizia zina hitilafu, ili mradi wakae kidogo wawaangalie. Mkubwa wao alikuwa na rangi ya chungwa lililoiva na mkia mpana, na Zamoyoni alimwita Mzee. Ukiweka kidole kwenye kioo, Mzee alikifuata. Zamoyoni alipofariki, tangi lilihamishiwa nyumbani, likawekwa chumba kilekile alichokalia eda mkewe, Mwahija.

Eda ni ndefu kwa aliye peke yake. Mjane hatoki, hajipambi, hana pa kwenda. Ndugu walikuja, wakalia, wakaondoka, kama ndugu wanavyofanya. Waliobaki ni samaki. Mwahija akajifunza kuwabadilishia maji, kuwapimia chakula, na kumwekea Mzee kidole kila asubuhi, naye Mzee akakifuata kama alivyokuwa akikifuata cha marehemu. Eda ilipokwisha, kaka yake anayeishi Geita alimwambia ahamie kwake Kalangalala. Mwahija alikubali, lakini alisema wazi kwamba hahami bila wale samaki.

Vyombo na tangi tupu vilipakiwa kwenye lori la Fuso, na Mwahija akatangulia navyo ili akaandae maji mapema yatulie. Samaki hawawezi kupanda Fuso pamoja na makabati, ndipo akatafutwa Herman. Usiku wa kuamkia safari Mwahija hakuwapa chakula, maana samaki aliyeshiba huchafua maji njiani. Rafiki wa marehemu mwenye gereji aliwatia kwenye mifuko minene ya nailoni, maji kidogo chini, na juu akajaza oksijeni ya silinda ya kuchomelea vyuma, akafunga kwa mipira. Mifuko ikalazwa ndani ya deli, lile boksi la kuhifadhia baridi, ili samaki wakae gizani watulie. Kabla ya kupanda Fuso, Mwahija alimwita Herman pembeni.

"Baba Nelly, usiwafungue, usiwaache juani, usiwatie maji mengine. Wewe endesha tu. Hawa ndio waliobaki nyumbani kwangu."

Herman alimjibu asiwe na shaka, naye alimaanisha.

Alitoka Shinyanga asubuhi, akawekwa kando na askari wa barabarani aliyetaka kujua kuna nini ndani ya deli. Askari alipochungulia alicheka hadi akaita wenzake. Watu wote wanatoa samaki ziwani Geita kuleta huku, alisema, wewe tu ndiye unayewapeleka. Mwenzake akaongeza kwamba kwa rangi ile, labda wanakwenda kukaguliwa kama ni dhahabu. Herman alicheka nao, akafunga deli vizuri, akaendelea. Hadi hapo safari ilikuwa nzuri.

Simu ya mkewe, Martina, ndiyo iliyomkuta akikaribia Samuye. Mama yake Martina, mzee Paskazia, anakaa hapo Samuye, hatua chache tu kutoka barabarani, na gari la mkwewe analijua kwa mlio. Martina alimwambia asithubutu kupita kimyakimya, mama hajamwona tangu mavuno. Herman akajiambia kwamba atashuka, atasalimia, ataondoka. Nami namuuliza kila siku, ni nani duniani aliyewahi kusalimia ukweni na kuondoka?

Maana ukweni kwa Wasukuma si mahali pa kupitia. Mkwe hapewi mkono wala hatazamwi usoni. Ana kiti chake karibu na mlango, na mama mkwe anakaa upande wake, na maneno kati yao hupita kwa mtu wa tatu. Siku hiyo mtu wa tatu alikuwa Melania, mdogo wake Martina. Na mkwe haondoki na mdomo mkavu. Kuku akishakamatwa kwa ajili yako, umekwisha kukaa. Ukinyanyuka naye yuko jikoni, umemtukana mama wa mkeo mbele ya watoto wake, na tusi hilo litakufuata hadi kwenye misiba.

Herman aliegesha gari kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, akateremsha vioo kidogo tu. Kwa kuwa sifa ni tamu, alimwita Melania amwonyeshe deli, akamweleza kwa kirefu: hawa hawafunguliwi, hawapigwi jua, hawaongezwi maji. Mzee Paskazia alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza. Kisha Herman akaingia, akakaa, na huko nje kuku akaanza kupiga kelele za kukimbizwa.

Kutoka pale alipokaa aliliona gari lake kupitia mlangoni. Alikiona pia kivuli. Kwanza kiliacha tairi la mbele, kisha mlango wa dereva, kisha kikaanza kuliacha dirisha la nyuma lenye deli. Jua la Shinyanga mnalijua. Angeweza kumwambia Melania, "Naomba nikasogeze gari," na hakuna ambaye angekasirika, kwa sababu kusogeza gari si kuondoka. Aliniambia kwamba sentensi ile aliiandaa, akaigeuza mdomoni, akaona itasikika kama anamharakisha mama. Halafu Melania akaja na maji ya kunawa. Kuku alikuwa tetea wa nyumbani, mchuzi wa karanga, ugali umepikwa na mtu anayejua. Herman alikula huku anatazama gari. Na aliongezewa mchuzi, akaupokea. Hilo la mchuzi alilificha muda mrefu kuliko mengine yote.

Alipoaga na kufungua gari, joto lilimpiga usoni. Deli lenyewe lilikuwa la moto kuligusa. Alipofunua, mifuko ilikuwa vuguvugu kama maji ya kuogea, samaki wote wako juu wanatweta, na Mzee amelala ubavu. Herman aliyebeba mayai hadi Geita bila ufa, akakitupa chini kifuniko cha deli. Akamwita Melania alete maji ya mtungini, upesi.

Sauti ya mzee Paskazia ikatoka nyuma ya mlango. "Melania, muulize baba. Si amesema hawafunguliwi?"

Herman aliisikia. Hakuna kilichokuwa kimemziba masikio. Lakini alikuwa amekwisha kuuvuta mpira wa mfuko wa Mzee, na ile oksijeni ya gereji ikatoka yote mara moja. Akamimina maji ya baridi kutoka mtungini. Mzee akashtuka, akazunguka mfuko mzima kwa nguvu, na Herman akadhani amemponya. Akawafanyia na wengine vivyo hivyo. Akafunga mifuko, akamshukuru mama kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," akaondoka.

Tinde alichungulia, samaki wametulia. Alipofika Isaka, Mzee alikuwa amelala tena, na safari hii mdomo wake haukufunguka wala kufumba. Baada ya Kahama hakuchungulia tena. Alichukua barabara ya vumbi mchana wote, akipunguza mwendo kwenye kila tuta na kila shimo, akiwavusha taratibu samaki waliokwisha kufa.

Mwahija alikuwa mlangoni kwa kaka yake tangu alipopigiwa simu kwamba gari limeingia mjini. Tangi lilikuwa tayari, maji yametulia, taa imewashwa. Alifunua deli mwenyewe. Ni mdogo mmoja tu mweusi aliyekuwa bado anapumua. Mwahija akaingiza mkono kwenye mfuko wa nailoni, akamtoa Mzee, akamlaza kiganjani. Hakulia. Aliuliza tu kama Herman alisimama mahali.

"Nilisimama Samuye kumsalimia mama mkwe," Herman akasema. "Nilipokuwa ndani aliwaonea huruma. Akawafungua, akawatia maji ya mtungini."

Nimemuuliza mara nyingi maneno yale yalitoka wapi. Anasema hakuyatafuta, yalikuwa yamekwisha kukaa mdomoni tangu Isaka. Mimi nasema mtu hakai na kitu mdomoni kutoka Isaka hadi Geita bila kukionja. Alijua ladha yake. Aliyasema kwa sababu mama mkwe yuko mbali, ni mzee, ni wa kijijini, na kila mtu angeamini kwamba bibi wa Samuye hajui samaki wa tangini. Tena aliyasema akiwa bado na harufu ya mchuzi wake vidoleni. Ni rafiki yangu, lakini hapo alinitia aibu.

Mwahija akasema mama huyo asijilaumu, kwani aliwapa maji, hakuwapa sumu, na asingeweza kujua. Akamwomba Herman amfikishie maneno hayo.

Hakuyafikisha. Angeyafikishaje? Ukimpelekea mtu msamaha, lazima kwanza umwambie kosa lake. Badala yake alianza kupita Samuye vioo vimepandishwa, bila kusimama, jambo ambalo angelifanya siku ile ya samaki tungekuwa hatuna cha kusimulia. Mzee Paskazia akawa anamuuliza Martina kwenye simu: wale samaki wa yule dada walifika? Martina akamgeukia mumewe. Walifika, Herman akajibu, na kweli walifika. Akaacha kula kuku wa karanga. Akaacha pia njia ya kwa kaka yake Mwahija, akawa anazunguka kupitia sokoni kwenda kwake, na sisi kijiweni tukadhani ana mtu anayemkwepa kwa deni. Siku moja alinieleza yote. Nilimwambia aende akaseme. Akaniambia niache. Kesho yake akaja tena kunieleza yaleyale, kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Kisha Mwahija akatuma aitwe. Ilikuwa inakaribia khitma ya Zamoyoni, anataka kwenda Shinyanga, na anataka apelekwe na Baba Nelly. Juu ya meza alikuwa ameweka doti ya kanga, mpya, imekunjwa vizuri. Alisema ni ya mama wa Samuye, na kwamba wakifika hapo wasimame, anataka amwone kwa macho yake. Herman akajaribu kusema mama huwa shambani. Mwahija akasema watamsubiri.

"Zamoyoni alipoanza kuumwa, mimi ndiye niliyemwambia apumzike tu, hospitali ya nini," alisema. "Najua lawama ya namna hiyo inavyolala na mtu. Sitaki huyo mama alale nayo kwa ajili ya samaki wangu."

Herman alipokuja kijiweni baada ya hapo, alikuwa amepauka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya kwake ilikuwa inapita Kahama, Isaka na Tinde, lakini mwisho wake ulikuwa unajulikana.

Siku ya safari Mwahija alikaa kiti cha mbele, kanga mapajani, akamsimulia Herman habari za yule samaki mdogo mweusi: amenona, ameanza kufuata kidole. Herman alikusudia kusema Kahama. Kahama kulikuwa na watu. Alikusudia Isaka, lakini Mwahija alikuwa amesinzia. Tinde alisimamisha gari kabisa, akasema anaangalia tairi, akashuka, akaliangalia tairi kweli, akapanda. Kutoka hapo barabara ni nzuri, haina hata shimo moja la kumchelewesha.

Samuye aliegesha palepale, kivuli kilekile cha ghala. Mzee Paskazia alimpokea mgeni kwa furaha, shikamoo ikaitikiwa marahaba mara nyingi, Mwahija akaketishwa karibu yake. Herman akachukua kiti chake cha mlangoni. Mama alipoona mgeni ni Mwislamu, alimtuma Melania ampeleke kuku kwa Ahmad wa dukani akachinjwe huko, ili mgeni ale bila wasiwasi. Wakaongea mambo ya mvua na pamba. Melania aliporudi na kuku na kumbandika, Mwahija akapiga goti, akaishika ile doti ya kanga kwa mikono miwili.

"Mama, nimekuja kukuambia usijilaumu kwa wale samaki. Uliwaonea huruma ukawapa maji. Mimi sina kinyongo na wewe hata kidogo."

Melania, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, alifungua mdomo. Mama yake akamwambia akaangalie moto. Kisha mzee Paskazia akafanya jambo ambalo mama mkwe wa Kisukuma halifanyi. Akamtazama mkwewe usoni. Hakumtazama kwa muda mrefu, wala hakukunja uso. Akashusha macho, akapokea kanga.

"Wabeja, mwanangu," akasema. "Niliona wana kiu."

Aliubeba mzigo ule kama anavyobebwa mtoto wa jirani aliyeanguka njiani, bila kuuliza ni wa nani. Mkwe ni mume wa binti yake, na mbele ya mgeni mkwe hafedheheshwi, basi. Herman anasema kwamba tusi lolote lingemwuma kidogo kuliko yale maneno. Alitazama nje ili asimwone mtu. Kivuli kilikuwa kimeliacha tairi la mbele na sasa kilikuwa kinauacha mlango wa dereva.

Herman akanyanyuka. Kuku yuko jikoni, hajaambiwa aende, na akanyanyuka.

"Dada Mwahija, mama hakuwagusa," alisema. "Aliuliza kama si nimesema hawafunguliwi, na nilimsikia. Nilikaa hapa nakula, gari liko juani naliona. Niliwafungua mimi, nikawatia maji mimi, halafu nikamsingizia yeye."

Jikoni chungu kilikuwa kinachemka. Mwahija alikuwa bado amepiga goti, na uso wake haukubadilika. Mzee Paskazia aliishika ile doti ya kanga, akairudisha mapajani mwa mgeni, akasema basi hizi si zake.

"Ni zako, mama," Mwahija akasema, akamrudishia. "Ulibeba kisichokuwa chako."

Herman alikuwa amekwisha kugeukia mlango. Hakujua anakwenda wapi, ila alijua hawezi kubaki. Mzee Paskazia, macho yake ukutani kama desturi inavyotaka, akamwita binti yake.

"Melania, mwambie baba akae. Kuku hajaiva."

Alitoka kwanza kusogeza gari. Kisha akarudi, akakaa, akala alichopewa, na anasema hakujua ni nyama gani. Mwahija pia alikula, akasifu mchuzi, akaongea na mama mambo ya watoto na maradhi. Kwa Herman hakusema neno, si zuri wala baya. Walipoaga, mzee Paskazia aliwasindikiza hadi penye gari, kanga mpya begani. Herman akazunguka kumfungulia mgeni mlango wa mbele. Mwahija akampita, akafungua wa nyuma mwenyewe, akakaa pale lilipokuwa limewekwa deli.